Mhasibu wa mkonge anataka kuhamia kazi za tabianchi: aanzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mhasibu, nina miaka 34, nina cheti cha juu cha uhasibu, CPA, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kampuni ya mkonge upande wa Muheza. Naishi Tanga mjini, Majani Mapana, ila asili yangu ni Pangani. Shamba la mpunga la bibi yangu kando ya mto limeingia chumvi, hatulilimi tena, na kila nikienda naumia. Nataka kuacha kazi nikasome shahada ya uzamili ya mabadiliko ya tabianchi, nifanye kitu cha maana. Mume wangu anasema nitaacha mshahara nikafukuzie semina. Kaka yangu yuko kwenye bomba la mafuta Chongoleani, na kila Idi tunagombana kwa ajili hiyo. Je, nimechelewa? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. La umri nalimaliza kwanza maana ni jepesi: hujachelewa. Usiache kazi mwaka huu, na hata utakapokuja kuiacha, usiuache uhasibu. Najua si jibu ulilolitaka. Ngoja nikueleze limetoka wapi.

Miaka mingi nyuma nilikuwa kwenye mradi wa kupanda mikoko, kusini ya Tanga. Fedha zilitoka kwa idadi ya miche: mkipanda elfu kadhaa mnaandika ripoti, mnalipwa, mnaendelea na elfu nyingine. Akina mama wa kijiji waliokota zile mbegu ndefu za mkoko, wakazichomeka topeni wakati wa bamvua, bahari ikiwa imetoka mbali. Tulichagua uwanda wa tope ulio wazi, kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi kupanda kwa mistari na kupiga picha. Hatukujiuliza kwa nini palikuwa wazi. Palikuwa wazi kwa sababu mikoko yenyewe ilikuwa imepakataa: pale maji huufunika mche sehemu kubwa ya siku. Niliporudi baada ya miezi sita nilikuta miche imevikwa vile vijikombe vigumu vinavyong'ang'ania chini ya ngalawa, mingine imelala kwa uzito. Kusi ilipovuma haukubaki mche. Mita mia tatu kutoka pale kulikuwa na tuta la mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Tungelivunja tuta lile maji yakapita, mchu, aina mojawapo ya mkoko, ungeota wenyewe bila kulipa mtu posho.

Hesabu za mradi ule zilikaguliwa zikapita. Kila vocha ilikuwa na sahihi, kila mama alipata haki yake, hakuna shilingi iliyopotea. Miti ndiyo haikuwepo. Tulikuwa na watu wa misitu, watu wa bahari, na mimi mhandisi. Hatukuwa na mtu wa hesabu mwenye sauti mezani, wa kuuliza mapema: tunalipia kupanda au tunalipia kuishi? Nani ataihesabu miche mwaka wa tatu, na fedha ya kumlipa mtu huyo imewekwa fungu gani? Mhasibu aliyezoea kuhesabu bidhaa ghalani kabla ya kufunga mwaka angeuliza hivyo siku ya kwanza. Tangu wakati ule, kila kijana anayeniambia anataka kuingia kwenye tabianchi namuuliza kwanza anajua kufanya nini. Mapenzi ya mazingira tunayo watu wengi. Watu wanaoweza kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo ni wachache mno.

Sasa tuje kwako. Umesema unataka kazi ya maana, kana kwamba hiyo unayoifanya haina. Nenda kiwandani siku moja uiangalie kwa jicho jingine. Jani la mkonge linaingia kwenye korona, ile mashine ya kutenganisha nyuzi. Upande mmoja zinatoka singa, yaani nyuzi, nyeupe, zinakwenda kuanikwa. Upande wa pili unatoka uji wa kijani na maji yanayowasha ngozi, vinafuata mfereji mpaka bwawani. Singa ni sehemu ndogo sana ya uzito wa jani, asilimia chache tu. Mengine yote ni mabaki. Asubuhi kukiwa kimya, simama kando ya bwawa ambalo mabaki hayo yamelundikana bila hewa, utaona mapovu yakipanda polepole na kupasuka. Ile ni methani. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya methani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya hewa ukaa. Ukipima kwa miaka 20, ni takriban mara 80. Mapovu hayo hayamo kwenye leja yako. Hakuna aliyekuambia uyaandike, na kwa sheria za hesabu ulizosoma hukukosea.

Lakini gesi ile ile ni mafuta. Hale, wilaya ya Korogwe, kulijengwa mtambo katika miaka ya 2000 wa kuchukua mabaki ya mkonge na kuyaozesha ndani ya tangi lililofungwa, ili gesi inayotoka iendeshe jenereta. Kwa hiyo jambo hili si ndoto ya mtu wa ofisini, limeshafanyika jirani yako. Kwa nini basi halikuenea kila penye korona? Kwa maoni yangu ufundi ni sehemu ndogo ya kikwazo. Kikwazo kikubwa ni karatasi: nani anakopesha, kwa riba gani, umeme unaozalishwa unaokoa lita ngapi za dizeli, na mkopo utarudi baada ya miaka mingapi. Unaona yote hayo ni maswali ya nani.

Anza na dizeli, ndiyo rahisi. Una stakabadhi zote. Lita moja ya dizeli ikichomwa inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Wengi hushangaa hapo, kwa sababu lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Maelezo yake ni kwamba kaboni iliyomo ndani ya mafuta, inapoungua, inajishika na oksijeni ya hewani, na uzito mkubwa wa moshi ni wa hiyo oksijeni. Tuseme jenereta, matrekta na malori ya shamba yanakula lita 40,000 kwa mwaka. Zidisha: kilo 108,000, yaani tani 108. Huo ni mstari wako wa kwanza. Wa pili ni umeme wa TANESCO, ambao hesabu yake hubadilika kadiri mchanganyiko wa maji na gesi asilia unavyobadilika kwenye gridi, kwa hiyo tumia kipimo cha mwaka husika. Wa tatu ni bwawa, nao ni mgumu: utahitaji mtu wa maabara, tani za majani kwa mwezi, na kukubali kwamba makadirio yana upana, kutoka namba ya chini mpaka ya juu. Andika upana huo waziwazi. Mhasibu aliyezoea shilingi kufunga sawasawa hupata taabu hapo mwanzoni, lakini atazoea.

Ukifanya kazi hiyo kwa miezi kumi na miwili ukiwa hapo hapo kwenye kiti chako, utakuwa na kitu ambacho wenye shahada wengi hawana: hesabu kamili ya gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, ya shamba halisi la Kitanzania, iliyotokana na vocha halisi. Na soko lake linakuja. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na IFRS S2, na hicho cha pili kinahusu tabianchi moja kwa moja. Wewe una CPA, lugha ile unaijua. Wanaouza nje wataulizwa na wanunuzi, benki zitaulizwa na wanaozikopesha, na hao wote watamgeukia mtu wa hesabu.

Kuhusu shamba la bibi, pole sana. Nayajua maeneo hayo, na nimeona minazi iliyobaki vigogo bila makuti kando ya mto ule. Lakini kwa sababu unataka kuifanya kazi hii, lazima nikuambie ukweli wote. Chumvi ya mto Pangani haina mzazi mmoja. Bahari imepanda: kwa wastani wa dunia ni takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yake inaongezeka. Hiyo inasukuma kutoka chini. Kutoka juu, maji ya mto yanachukuliwa na mashamba ya umwagiliaji na miji tangu Arusha na Moshi, yanashikwa Nyumba ya Mungu, yanapita kwenye mitambo ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Kiangazi mto ukifika mdomoni umechoka, hauna nguvu ya kuirudisha bahari. Ukisimama mbele ya wazee wa Pangani ukawaambia yote ni tabianchi, utakuwa umemsamehe kila anayefungulia maji kule juu. Ukiwaambia tabianchi haihusiki, utakuwa umewadanganya pia. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, ndiyo inayogawa vibali vya maji hayo. Mtu anayejua kusoma daftari la vibali na kulilinganisha na maji yanayopita kweli mtoni angemsaidia bibi yako kuliko mabango mia moja ya kuhamasisha.

Nchi yetu inatoa chini ya asilimia 1 ya gesijoto ya dunia. Kwa hiyo hapa kwetu kazi kubwa ni kuhimili: maji, chakula, pwani, barabara zisizosombwa na masika. Usidharau kazi hizo kwa kuwa hazina neno tabianchi kwenye jina la cheo. Mfano uko hapo mjini kwako. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya kazi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Maji unayokunywa Majani Mapana yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na Zigi inaanzia misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Mkulima wa kule juu akilima mpaka ukingoni mwa mto, udongo unashuka bwawani na gharama ya kusafisha maji inapanda. Ndiyo maana kuna umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, unaohifadhi kingo kwa kushirikiana na watu wa maji. Hatifungani ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuonyesha, mwaka hadi mwaka, kwamba fedha ilikwenda kwenye kile ilichoombewa. Ningekuwa na umri wako na CPA yako, macho yangu yangekuwa hapo. CRDB nayo imeidhinishwa na mfuko wa kimataifa uitwao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi tangu 2019, na mikopo ya kilimo inayotokana na mlango huo inataka watu wanaoelewa shamba na vitabu kwa pamoja.

Wapo pia akina mama wa mwani. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haivumilii maji kupata joto. Inalegea, inageuka nyeupe, inakatika kambani. Spinosum inavumilia zaidi ila bei yake ni ndogo. Njia mojawapo ni kuhamia maji ya kina, lakini huko kunataka chombo, nyavu na kujua kuogelea, na wengi wao hawajui. Vikundi vinaweza kuomba mkopo unaotoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na vingi vinakwama kwa sababu daftari la kikundi halisomeki. Jumamosi mbili kwa mwezi unaweza kuwapa, bila kuacha kazi wala kuomba ruhusa ya mtu. Utajifunza bahari kutoka kwao, nao watajifunza leja kutoka kwako.

Kwenye biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti inaihifadhi, nakuomba uingie taratibu. Mifano mizuri ipo. Gazi, ng'ambo ya Horohoro kwa ndugu zetu wa Kwale, wanakijiji wanauza hewa ukaa iliyohifadhiwa na mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, eneo la hekta kama 117 tu, na fedha imeonekana kwenye maji na shule. Nenda ukawaone, ni safari ya siku moja. Lakini wapo pia wanaoingia vijijini na mikataba ya miaka thelathini kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji haisomi. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na Kituo cha Taifa cha Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Mtu akikuajiri kwenye mradi ambao hautaki kupitia huko, au hataki kukuonyesha mgawo wa kijiji kwa maandishi, ondoka siku hiyo hiyo. Leseni yako ya uhasibu ina thamani kuliko mshahara wake.

Masomo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha taaluma za mabadiliko ya tabianchi na shahada ya uzamili, SUA nako kuna misitu na kaboni kwa kina. Ni masomo mazuri. Ila ukienda sasa utakaa darasani ukijifunza maswali. Ukienda baada ya mwaka mmoja na nusu utakwenda na swali lako mwenyewe na takwimu zako mkononi, na tasnifu itakuwa nusu imeandikwa. Kabla ya hapo chukua kozi za bure za mtandaoni za Umoja wa Mataifa, UN CC:Learn, usiku watoto wakilala. Kama shabaha yako ni kusajiliwa na baraza la mazingira, NEMC, kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, hapo hali ni tofauti, CPA peke yake haitakufikisha na shahada ya mazingira itakuwa na maana mapema.

Mume wako amekosea moja na amepatia moja. Amekosea kudhani kazi hizi ni semina tu. Amepatia kuogopa mshahara kukatika. Kazi nyingi za miradi ni mikataba ya mwaka mmoja au miwili, na mradi ukiisha, umeisha, hata kama ulifanya vizuri. Kaa naye muandike: ada za watoto, kodi au mkopo wa nyumba, michango ya NSSF, na akiba ya miezi sita isiyoguswa. Mpaka akiba hiyo ijae, usiandike barua ya kuacha kazi. Muonyeshe karatasi hii ya hesabu za dizeli pia. Watu wengi huwa na wasiwasi na ndoto ya mwenzao mpaka waione ikiwa na safu na jumla.

Na kaka yako. Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, na mafuta yake yanapashwa moto njia nzima kwa sababu ni mazito yenye nta. Mimi kwa hesabu ya hewa siliungi mkono, na yatakapochomewa huko yaendako, moshi utaingia anga hii hii inayomfunika bibi yenu. Lakini kijana aliyepata kazi ya kwanza ya maana karibu na nyumbani simlaumu, na wewe usimlaumu. Kama ni fundi wa kuchomelea, mkono ule ule unaochomelea bomba la mafuta unaweza kuchomelea tangi la gesi ya mkonge na bomba la maji la Mabayani. Idi ijayo muulize kazi yake inafanywaje, vipimo vya mshono vinakaguliwaje, nani anatia sahihi. Huko ndiko mtakakokutana, kwa sababu na wewe kazi yako itakuwa kukagua mshono. Tena mtambo wa aina ya Hale hauwezi kujengwa bila watu kama yeye.

Basi wiki hii chukua stakabadhi za dizeli za mwezi uliopita. Zitenge tatu: jenereta, matrekta, malori. Halafu mtafute msimamizi wa korona, mpe heshima yake, muombe akutembeze kwa miguu kutoka kwenye mashine mpaka mwisho wa mfereji, muone pamoja maji yale yanaishia wapi. Niandikie ukishajua lita za jenereta, tani za majani zilizopita koronani mwezi huo, na kina cha bwawa. Kwa hizo tatu nitakusaidia kukadiria methani.